Kikomo cha Mume, Kazi ya Mke

Kwa miaka minne mfululizo nilichukua kazi ya mwanamke mmoja nikaiandika kwa jina la mume wake, na kila mwaka nikamaliza kwa kujipongeza na soda baridi. Hakuna aliyenituma. Ujinga huo niliubuni mwenyewe, kwenye meza ya jikoni kwangu, nimevaa kandambili na miwani ya kusomea, na nikauita utaalamu.

Nawaandikia ninyi vijana mlioanza kuwajazia watu fomu za kodi, huku Houston na kule Dallas. Najua mpo, kwa sababu mnanipigia simu. Mnaanza na shikamoo Baba Neema, mnauliza habari za miguu yangu, mnajifanya mnasikiliza jibu, halafu mnarusha swali lililowaleta. Sikasiriki. Mimi ni mtu wa kidato cha nne na ni mtu wa nyumbani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba natoka mara mbili tu, kutupa takataka na kuchukua barua, na kwamba siku zinapogongana naziunganisha safari. Kwa hiyo simu zenu ndizo matembezi yangu.

Swali mnaloniuliza zaidi ni hili la mtu mwenye mshahara na biashara kwa pamoja. Ngoja nilieleze kama nilivyoelezwa, kisha niwaambie nilivyoliharibu.

Mshahara ukilipwa, kinakatwa kipande cha mfuko wa uzeeni, ule wa Social Security, na kipande kidogo cha Medicare, matibabu ya wazee. Mwajiri naye huongeza vivyo hivyo. Anayejiajiri hana wa kumwongezea, analipa pande zote mbili peke yake, na hapo ndipo wateja hushika kichwa na kukuangalia kana kwamba sheria hizo umezitunga wewe. Lakini kipande cha uzeeni kina kikomo. Kila mwaka hutangazwa kiasi, na mapato yako yakifika hapo, kipande hicho hakikatwi tena mpaka Januari. Medicare haina kikomo, inakufuata hata ukipanda juu ya paa. Sasa ukiwa na mshahara na biashara, mshahara ndio unaotangulia kula nafasi iliyopo chini ya kikomo. Biashara inapewa kilichobaki. Mshahara ukimaliza nafasi yote, biashara haidaiwi tena cha uzeeni, inadaiwa Medicare tu.

Hayo nilifundishwa kwa ndoo ya kupigia deki, kwenye ghala moja la Mesquite, kando ya Dallas.

Nilianza pale ghalani nikipakia maboksi. Nikahamishiwa ofisi ya mishahara, si kwa akili, bali kwa sababu nilikuwa nafika mapema na nilikuwa naandika tarakimu zinazosomeka. Mkuu wa ofisi alikuwa mama wa Kitexas, Miss Dolores, mwenye nywele nyeupe na sauti ya kuamsha jirani. Siku ya kwanza aliona nimekodolea macho jedwali la makato kama mtu anayesoma majina ya waliofeli. Akaenda chumba cha wafagiaji, akarudi na ndoo, akaichora mstari kwa kalamu nene. Akamimina maji na kusema huu ni mshahara wa mtu. Akachukua kikombe chake cha kahawa, akasema hii ni biashara yake ya pembeni. Akaimimina juu. Ilipofika kwenye mstari akaacha, akanywa iliyobaki. Halafu akaniuliza swali ambalo alikuwa anauliza kila mara, hata wakati nilipodhani nimeshaelewa kila kitu: ndoo hii ni ya nani?

Wiki chache baadaye nilimwonyesha jinsi nilivyoelewa. Msimamizi mmoja wa mitambo alikuwa na kazi ya pili mahali pengine, kazi nzuri. Alinijia na tabasamu, akaniambia kule kwingine wameshamkata sana na kwa hesabu yake amevuka kikomo, basi nisimkate tena. Nikamwonea huruma. Nikaacha kumkata. Nilijiona mtu mwema mpaka Miss Dolores alipoiona karatasi. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alinieleza kwamba mwajiri hukata kana kwamba ni yeye pekee duniani. Kazi mbili zikikata kupita kikomo, mtu mwenyewe ndiye anayedai kilichozidi kwenye fomu yake ya mwaka, na anarudishiwa. Sisi hatuna ruhusa ya kubashiri. Akanituma nikamwambie yule bwana mwenyewe kwamba nitamkata zile nilizoziacha. Kutoka ofisini hadi kwenye mitambo ni mwendo wa dakika tatu. Mimi nilitumia kumi na tano.

Lakini kilichoniwasha si makato, ni kikomo chenyewe. Nilijiuliza serikali gani hii inayofika mahali ikasema basi, inatosha. Nikamuuliza Miss Dolores. Alikuwa anakula mkate wake. Akasema, bila kuinua macho, kwamba wanaacha kukata pale kwa sababu hata siku ya kukulipa uzeeni wanaacha kuhesabu palepale. Nikaitikia nikaona nimeelimika. Laiti ningeuliza swali moja zaidi. Kama wanahesabu tu pale walipokata, mtu asiyekatwa kabisa anahesabiwa wapi? Sikuuliza. Nilikuwa na mkate wangu pia.

Nilipohamia Stafford, huku pembeni mwa Houston, na kuanza kuwajazia watu fomu nyumbani, nilikuta mambo ambayo Miss Dolores hakuwa na ndoo yake. Watu wetu wanakuja na risiti kwenye mfuko wa plastiki, zimefungamana na vocha na kadi ya kliniki. Siku hizi wanakuja na simu yenye picha elfu mbili, na katikati ya risiti utaona harusi nzima. Nawapa ujanja mmoja bure. Usimuulize mtu biashara yake inaingiza kiasi gani kwa mwaka. Atakwambia kiasi anachotaka pasta asikie, au kile anachotaka ndugu zake wa nyumbani wasisikie. Muulize Jumamosi iliyopita ilikuwaje. Nani alikuja wa kwanza, alilipaje, ulifunga saa ngapi. Jumamosi moja husema kweli kuliko mwaka mzima.

Ujanja huo nilikuwa nao. Siku niliyouhitaji sikuutumia.

Pascal na Furaha walikuja kwangu kwa kuelekezwa na watu wa kanisani. Ni Wakongo kutoka Uvira. Pascal ni nesi wa nusukaputi, kazi yake ni kuwalaza watu usingizi wapasuliwe, na ameisomea kwa taabu ambayo mimi ningelala njiani. Mshahara wake ulikuwa unavuka kikomo kabla hata mwaka haujaisha. Furaha aliwahi kufanya kazi miaka kadhaa kwenye ghala jingine kule Mesquite, kisha akafungua saluni ya kusuka mtaa wa Gulfton, chumba kimoja kati ya duka la simu na pa kufulia nguo. Walikuja wakiwa wamevaa vitenge vya kufanana. Kila nilipomuuliza mmoja, alijibu mwingine. Pesa waliziweka mahali pamoja, na Pascal alisema kwa fahari kwamba kwao hakuna changu na chako.

Mimi nikaangalia ule mshahara uliovuka kikomo, nikaangalia saluni, na taa ikawaka kichwani. Taa mbovu. Nikawaza: hawa ni mwili mmoja, wamefungiwa ndoa mbele ya watu, fomu wanajaza moja. Nikiiandika saluni kwa jina la Pascal, mshahara wake umeshajaza nafasi yote, basi saluni haitadaiwa kipande cha uzeeni hata senti. Itabaki Medicare tu. Programu ya kompyuta iliniuliza waziwazi, kama Miss Dolores aliyefufuliwa: biashara hii inaendeshwa na nani, mume au mke? Nikabonyeza mume.

Nilipowaambia wameokoa kiasi gani, Pascal alinipa mikono miwili. Furaha alicheka, akasema yeye hesabu haziwezi, anajua vichwa tu. Walinitangaza kanisa zima. Kwa miaka minne nilibonyeza mume, na sifa zikaenda mpaka Fort Worth. Mtu akisikia sifa zake zimefika Fort Worth wakati yeye mwenyewe hajafika hata Sugar Land hapo jirani, kichwa lazima kivimbe.

Mwaka wa tano, mwanzoni mwa Machi, Furaha alikuja peke yake. Jirani yangu Mama Devota alikuwepo. Huyu ni Mrundi, amestaafu kazi ya kufua mashuka hotelini, na anaingia kwangu bila kubisha kwa sababu anasema mwenye nyumba yupo siku zote. Alikuwa anachambua mboga na mke wangu. Furaha aliketi, akaweka mikono yake mezani, na nikaona amevaa vifungo vya kukaza vifundo vya mikono, vile vya hospitali. Alieleza kwamba vidole vilikuwa vinakufa ganzi, vinaamka na maumivu, na daktari alimwambia huenda akalazimika kuacha kusuka. Mwanamke mmoja wa kanisani akamwambia kuna malipo ya mtu ambaye mwili umemkatalia kazi, ila lazima uwe umefanya kazi miaka ya karibuni na ionekane kwenye kumbukumbu zako za Social Security. Basi akafungua kumbukumbu hizo kwenye simu.

Akanigeuzia simu. Miaka ya ghala la Mesquite ilikuwepo, tarakimu zake ndogo lakini zipo. Kuanzia saluni ilipofunguliwa, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri.

"Baba Neema," akasema, "hii miaka yote miye nilikuwa wapi?"

Mke wangu aliacha kuchambua mboga. Nilielewa wakati uleule, na sitawaficha kwamba jambo la kwanza lililonijia si huruma, ni kutaka kuzima ile simu. Kikomo cha Pascal kilikuwa kimemlinda asilipe, na kwa sababu hakulipa, hakikuandikwa chochote, si kwake si kwa mkewe. Saluni haikuhamia kwa mume. Ilipotelea hewani. Furaha alisimama miaka minne na mbele ya serikali hakuwa amefanya kazi hata siku moja.

Nilimwambia kweli yote, pamoja na taa yangu mbovu. Nikamweleza kwamba ndoo ni ya kila mtu, haichangiwi na mke na mume hata kama fomu ni moja na vitenge ni vya kufanana. Kwa kodi hii, kazi ni ya yule anayeifanya. Kisha nikaingia kusoma kanuni, nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Mapato ya kujiajiri yakikosewa, fomu inaweza kurekebishwa na yakaingia kwenye kumbukumbu za mtu, lakini kuna muda: miaka mitatu, miezi mitatu na siku kumi na tano baada ya mwaka wenyewe kwisha. Hesabuni. Mwaka wa kwanza wa saluni mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwaka wa pili ulikuwa unafungwa tarehe kumi na tano Aprili, wiki sita mbele yetu. Wa tatu na wa nne ulikuwepo muda. Wa tano ulikuwa bado haujajazwa, huo ulikuwa salama.

Nilidhani kazi ngumu ni fomu. Kazi ngumu ilikuwa Pascal. Fomu ya pamoja ikirekebishwa, wote wawili wanatia sahihi, na kurekebisha kulimaanisha kulipa kile kipande cha uzeeni cha miaka mitatu, pande zote mbili, na riba juu yake. Alikuja jioni akiwa bado na nguo za hospitali. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Akasema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba wao ni mwili mmoja. Akasema yeye analipa kila kitu, atalipwa vizuri uzeeni, na mke wake atakula pamoja naye. Kwa nini waende kujichokonolea deni ambalo hakuna aliyewadai?

Furaha alimwacha amalize.

"Papa Josué, sikuombe pesa," akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Miye nataka miaka yangu. Kama ni mwili moja, mbona hii mikono inauma kwangu tu?"

Pascal akasema atafikiria. Nyinyi mliooa mnajua maana yake.

Alifikiria wiki tatu. Furaha hakumpigia kelele. Alileta kwangu madaftari yake, kwa sababu nilikuwa nimemwomba kitu cha kuonyesha kwamba saluni ni kazi yake na si ya mtu mwingine. Madaftari hayo, vijana, ni kitu ambacho sikuwahi kumwomba kwa miaka minne, kwani jumla ilinitosha. Kila kichwa kimeandikwa. Jina la mteja, aina ya msuko, rasta nyembamba au za kati, nywele za kuongezea paketi ngapi, saa aliyokaa na saa aliyoinuka. Nilimuuliza kwa nini anaandika saa. Akasema mteja akirudi anamwambia mapema, wewe kichwa chako ni cha saa saba, kula kwanza. Nilivutiwa mno. Kuna mama mmoja ambaye kila mwezi kichwa chake kilikuwa kinachukua muda zaidi, na Furaha alikuwa ameandika pembeni kwamba si nywele zilizoongezeka, ni maneno.

Tulipanga madaftari mezani, mwaka kwa mwaka. Mimi nasoma, mke wangu anajumlisha, Mama Devota anatuambia tunakosea. Tarehe ya mwisho ilikuwa imebakiza siku nane Pascal alipokuja kumchukua mkewe, akalazimika kungoja. Mtu aliyezoea hospitali hawezi kuona karatasi yenye saa asiisome. Akavuta daftari moja. Akageuza kurasa. Akauliza, Jumamosi hii ulisimama kutoka saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku? Furaha akasema ndiyo, ilikuwa wiki ya kufungua shule. Akageuza tena. Nikamwona anatembeza kidole na kujumlisha kimoyomoyo, kama wanavyohesabu zamu zao. Yeye akifanya kazi saa kumi na mbili, kesho yake hupumzika. Daftari halikuwa na kesho yake.

"Mimi saa zangu kuna mtu anazihesabu," akasema. Halafu akalifunga daftari. "Leta kalamu, Baba Neema."

Akatia sahihi zote tatu palepale. Furaha alitia zake polepole, kwa sababu ya vile vifungo vya mikononi. Nikazipeleka posta mwenyewe, kwa miguu yangu, mke wangu shahidi, na nikachukua risiti ya posta inayoonyesha tarehe. Nilikataa kulipwa, na ile riba yao nililipa mimi kutoka mfukoni mwangu. Kuchukua risiti ya posta ni ujanja wa pili ninaowapa. Wa tatu ni kwamba kabla hujamwambia mtu amelipa kidogo, mfungulie kumbukumbu zake uangalie kama bado yupo.

Ilichukua miezi. Siku Furaha alipokuja na simu tena, tulizisoma pamoja, mwaka wa pili upo, wa tatu upo, wa nne upo, na ule wa tano tulioujaza sawasawa. Wa kwanza, sifuri. Tuliandika barua kwa ajili yake, tukauliza, tukajibiwa mlango umefungwa. Kama kuna ufa mahali, mimi sijauona, na anayeujua kati yenu anipigie, hata asiponisalimia kwanza. Mkono wake mmoja umepasuliwa. Pascal alikaa nje kwenye viti vya wanaongoja, kwa mara ya kwanza maishani upande ule, na Furaha anasema alikuwa mwoga kuliko watoto. Sasa anasuka vichwa vichache, na amewaajiri wasichana wawili ambao mishahara yao na makato yao anayaandika mwenyewe.

Mimi nilistaafu baada ya hapo. Bado lile swali la kikomo linaniwasha, na nikiwa nimekaa peke yangu huwaza ni watu wangapi wamepotelea chini ya kikomo cha mtu mwingine, na nani kati yao aliletwa pale na mtu mwenye nia njema.

Juzi Furaha alipita kutusalimu. Wakati wa kuondoka nilimwomba tena msamaha kwa ule mwaka wa kwanza, kama ninavyofanya kila akija. Akasema yameisha, akamkumbatia mke wangu, akaenda. Nikabaki mlangoni nikihema kama mtu aliyepanda ngazi. Mama Devota alikuwa kwenye kiti chake nje, amesikia yote, na hakuinua hata macho kwenye maharagwe yake.

"Acha kumchosha na pole zako, Baba Neema," akasema. "Umempotezea mwaka mmoja, mpe wako mmoja. Wewe unakaa tu nyumbani, hata hutajua umepungua."